Mlio uliopita hewani: kisa cha boila iliyopimwa ikaonekana nzima

Simu iliingia Jumatatu saa moja kasoro asubuhi, nikiwa Chumbageni nasubiri chai. Injinia wa kiwanda hakusalimia, na mtu wa Tanga asiposalimia ujue kuna jambo. "Boila inalia maji," alisema. "Tyubu ya 71. Hiyo hiyo uliyotuandikia kuwa ni nzima."

Boila, mtambo unaochemsha maji yawe mvuke, walikuwa wameizima tangu Jumamosi usiku, kwa hiyo nilipofika ilikuwa imepoa na mlango wa mbele umefunguliwa. Midomo ya tyubu 92 ilikuwa imejipanga kama sega, yote myeusi kwa masizi. Kwenye mdomo wa 71, safu ya chini upande wa kushoto, palikuwa na mchirizi mweupe ulioteremka hadi sakafu ya mlango, kama uso wa mtoto aliyecheza jikoni kisha akalia. Weupe ule ni chumvi za maji ya boila. Maji yalipenya tyubuni, yakakutana na moto, yakakauka na kuacha chumvi. Hapakuhitajika chombo chochote kuniambia kwamba tyubu ile ilikuwa imetoboka.

Ripoti ya ukaguzi ya miezi minne kabla yake niliiandika mimi. Jina la kiwanda sitalitaja, wala wanachotengeneza. Cha kutosha ni kwamba kiko nje kidogo ya mji, njia ya Pongwe, na kwamba bila mvuke hakuna kazi inayoendelea pale.

Boila yao ni ya aina ambayo moto na moshi hupita ndani ya tyubu, na maji yamezizunguka tyubu kwa nje. Kila tyubu ina urefu wa mita 4.2, kipenyo cha nje milimita 63.5, na ukuta wa chuma wa milimita 3.6 ilipokuwa mpya. Shinikizo la kazi ni baa 8. Moto ndani, maji nje: nakuomba ulishike hilo, kwa sababu mimi mwenyewe nililijua na bado nikaandika nilichoandika.

Mwezi wa sita

Tulipoitwa mara ya kwanza hapakuwa na tatizo lolote. Ulikuwa ukaguzi wa kawaida, na mwenye kiwanda alitaka boila iwake tena Jumatatu. Tukampa bei mbili. Ya kwanza, kupima unene wa kila tyubu kwa altrasaundi, sauti nyembamba mno isiyosikika kwa sikio, kutoka ndani: siku mbili za kusugua masizi hadi chuma kionekane, kisha siku nyingine mbili za kupima. Ya pili, kupima kwa mlio wa hewani: nusu siku, bila kusugua sana. Nadhani hakuna haja ya kusema alichagua ipi.

Chombo cha mlio wa hewani ni kitu kizuri sana, nisije nikakisingizia. Ni kama bastola nene yenye spika na maikrofoni. Unaibandika kwenye mdomo wa tyubu, inatoa mlio mfupi, nao unasafiri kwenye hewa iliyomo ndani hadi mwisho. Mradi upana wa njia haubadiliki, mlio huenda kimya kimya. Ukikuta mahali palipobanwa, kwa mfano bonge la masizi, sehemu yake hurudi ikiwa imenyanyuka juu kwenye kioo cha chombo kisha ikazama. Ukikuta mahali palipopanuka, labda chuma kimeliwa kwa ndani, mwangwi huanza kwa kuzama kisha ndio unyanyuke. Tundu nalo lina alama yake. Kwa kuwa unajua kasi ya sauti, muda wa mwangwi kurudi unakuambia ni mita ngapi kutoka mdomoni.

Anayepiga zumari analijua jambo hili hata kama hajawahi kulisema: vidole juu ya matundu vinabadilisha njia ya hewa, na hewa inajibu. Mbinu hii imetumika kupima mabomba ya tarumbeta, na hata njia ya hewa ya koo la binadamu, kabla haijazoeleka kwenye tyubu za viwandani.

Siku ile boila ilikuwa bado na vuguvugu. Hewa ya nyuzi 30 hupitisha sauti kwa kasi ya mita 350 hivi kwa sekunde, na ya nyuzi 45 huifikisha karibu mita 359. Tofauti hiyo inatosha kukusogezea kasoro kwa zaidi ya sentimita 10 kwenye tyubu ndefu kama hizi. Chombo hujirekebisha kwa kusikiliza mwangwi wa mdomo wa mbali: kwenda na kurudi ni mita 8.4, na mwangwi ule ulikuwa unarudi baada ya milisekunde 23 na ushei. Kila tyubu ilichukua sekunde kama kumi. Kabla ya adhuhuri tulikuwa tumemaliza zote 92. Kumi na moja zilikuwa na mabonge ya masizi, tukazipitisha brashi na kuzipima tena. Hakuna tundu. Hakuna ulaji kwa ndani.

Kisha, kwa kuwa muda ulibaki, tulichukua kipimo cha mkono cha altrasaundi, kile cha kupaka jeli, tukapima gamba la nje la boila mahali 40. Chuma cha milimita 12 kinarudisha mwangwi baada ya mikrosekunde 4 tu, na kipimo kinakuandikia unene moja kwa moja. Namba zote zilikuwa nzuri. Tukaziambatisha kwenye ripoti kama ukurasa wa tatu.

Mwendesha boila, mzee aliyekaa na mitambo ya mvuke tangu enzi za viwanda vya mkonge, alikuwa akituangalia muda wote na kinyundo chake mkononi. Alipoona tunafunga vifaa alisema, "Na huku chini hamfungui?" Alikuwa anaonyesha vidirisha vya ubavuni, vile vya mviringo vinavyofunguliwa ili kuona upande wa maji. Injinia akamjibu kwamba gaskiti zake, zile pete za kuziba vidirisha visivuje, hazipo stoo, zitaagizwa. Mzee akanigeukia mimi. "Hicho kibastola chako kimepuliza tu, mwanangu. Chuma hakijagusa."

Nilicheka. Si kwa kumdharau; nilidhani anasema kama wazee wanavyosema juu ya kila kifaa kipya. Jioni ile nikaandika ripoti, na mwishoni nikaweka sentensi hii: *Tyubu zote ziko salama kuendelea na kazi.*

Kilichokuwa kweli, na kisichokuwa kweli

Kila namba katika ripoti ile ilikuwa sahihi. Nimeirudia mara nyingi, nimefungua hata mafaili ghafi ya chombo, na mwangwi wa tyubu ya 71 wa mwezi wa sita ni mstari ulionyooka kutoka mdomo hadi mdomo. Tyubu ile kwa ndani ilikuwa nzima kweli.

Ubaya ulikuwa upande wa pili wa ukuta, na mlio wa hewani hauna njia ya kufika huko. Sauti inapotoka kitu kimoja kwenda kingine, kinachoamua ni ukinzani wa vitu hivyo viwili dhidi ya mtikisiko. Hewa na chuma vimeachana mno. Mlio ukitoka hewani na kugonga ukuta wa chuma, ukiugawa mafungu 10,000, hata fungu moja zima haliingii chumani, yote hurudi. Ndiyo maana mbinu inafanya kazi vizuri hivyo kwa upande wa ndani: ukuta unakuwa kama kioo. Na ndiyo maana haiwezi kujua kama nyuma ya kioo hicho kuna milimita 3.6 za chuma au nusu milimita.

Kutoka kwenye maji kuingia chumani hali ni tofauti: mafungu kama 12 kati ya 100 huingia. Kwa hiyo jeli ya kipimo cha mkono haipakwi kwa kulainisha ngozi ya chuma, kama mama mjamzito anavyoweza kudhani anapopakwa tumboni. Inapakwa kufukuza hewa.

Mwanafizikia Sergei Sokolov wa Urusi ya Kisovieti alipopendekeza mwaka 1928 kutafuta kasoro ndani ya vyuma kwa sauti, na Floyd Firestone wa Chuo Kikuu cha Michigan alipopata hataza yake mwaka 1942 ya chombo kinachopeleka mpigo na kusikiliza mwangwi, kazi yao wote ilikuwa juu ya sauti iliyoingia ndani ya chuma chenyewe. Chombo changu cha mwezi wa sita ni wa ukoo mwingine. Vyote viwili huitwa "kupima kwa mawimbi ya sauti", na kwa mteja anayesoma ripoti, jina likiwa moja basi kazi ni moja. Injinia aliniambia baadaye, bila hasira, kwamba alipouona ule ukurasa wa tatu wenye unene wa gamba, alielewa kuwa tyubu nazo zimepimwa unene. Sikuwa nimeandika popote kwamba hazikupimwa.

Kuna na jaribio la maji. Baada ya ukaguzi boila ilijazwa maji baridi na kusukumwa hadi baa 12, mara moja na nusu ya shinikizo la kazi, ikakaa nusu saa bila kuvuja. Watu hulipenda sana jaribio hili kwa sababu linaonekana kwa macho. Lakini shimo dogo la kutu lililozungukwa na chuma kizima linaweza kubakiwa na unene wa nusu milimita na bado likahimili baa 12 bila kutoa hata jasho. Jaribio linakuambia kwamba leo hakuna tundu. Kesho haliijui.

Kioo kinachozunguka

Mara ya pili hatukujadiliana bei. Vijana wanne walisugua tyubu kwa brashi za waya siku mbili, hadi sakafu yote ikawa nyeusi na wao wenyewe hawatambuliki. Kila tyubu iliyokuwa zamu yake tuliiziba mwisho wa mbali kwa plagi ya mpira, tukaijaza maji, tukaingiza kichwa cha kipimo hadi mwisho, kisha tukakivuta taratibu kurudi mdomoni, sentimita chache tu kwa sekunde.

Ndani ya kichwa hicho kuna kihisi kinachotoa mpigo wa altrasaundi kwa kulenga mbele, na mbele yake kioo kidogo kilichoinamishwa nyuzi 45. Maji yanayosukumwa kwenye kebo huzungusha kioo, na kioo huutupa mpigo ubavuni, kwenye ukuta wa tyubu, duara zima. Kila mpigo huleta mwangwi mara mbili: wa kwanza pale maji yanapokutana na uso wa ndani wa chuma, wa pili pale chuma kinapoishia upande wa nje. Tofauti ya muda kati yao, ukizidisha kwa kasi ya sauti ndani ya chuma, mita 5,900 hivi kwa sekunde, kisha ukagawa kwa mbili, ndiyo unene. Ukuta mzima wa milimita 3.6 ni mikrosekunde 1.22. Wa milimita 2 ni 0.68.

Kwenye kioo cha kompyuta unaona mistari miwili inayokwenda sambamba, kama kingo za barabara. Kiputo cha hewa kikikaa mahali, mistari inapotea na lazima urudi nyuma. Maji yetu yalikuwa na viputo vingi asubuhi ya kwanza, tukapoteza karibu saa tatu hadi tulipoyaacha yatulie kwenye pipa kwanza.

Tyubu ya 70, jirani ya ile iliyotoboka, ndiyo ya kwanza kuonyesha. Mstari wa ndani ulikwenda moja kwa moja, haukutikisika. Mstari wa nje, ilipofika sentimita 80 kutoka mwisho wa nyuma, ukaruka kuelekea wa ndani, ukarudi, ukaruka tena. Milimita 1.4. Kisha 1.9. Injinia alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakusema kitu, alivuta kiti akakaa.

Hadi tunamaliza, tyubu saba zilikuwa chini ya milimita 2 mahali fulani, mbili kati yake chini ya 1.2. Zote saba zilikuwa safu za chini, na mashimo yote yalikuwa ndani ya mita moja kutoka mahali bomba la maji ya kujazia linapoingilia. Nyingine, ukiacha tatu zilizosoma milimita 2.3 hadi 2.6, zilikuwa karibu kama mpya.

Sikutaka kuamini kioo peke yake kwa mara ya pili. Tuliomba tyubu ya 70 ing'olewe pamoja na ya 71, tukaipasua kwa urefu na kuilaza uani. Juu yake palikuwa na magamba ya chokaa, membamba, rangi ya kijivu. Na juu ya magamba, vijivimbe vya kutu vya kahawia, vingine kama punje ya kunde, vingine kama kifungo cha kanzu. Nilikikwangua kimoja kwa bisibisi. Kifuniko kilitoka kizima, chini yake kukawa na unga mweusi uliolowa, na chini ya unga shimo la mviringo lenye kingo safi, kama lililochimbwa kwa makusudi. Tulipima unene uliobaki kwa maikromita yenye ncha: 1.5. Kioo kilikuwa kimesema 1.4.

Mzee alikuja na kinyundo chake, akagonga kipande kile, akasikiliza. Mama yeyote anayenunua chungu Soko la Mgandini hufanya hivyo, na chungu chenye ufa humwambia. Tyubu iliyong'olewa ililia kama tyubu nzima tu. "Hapa hata mimi ningepitwa," alisema, na nikamheshimu zaidi kwa maneno hayo kuliko kama angeniambia alijua tangu mwanzo. Lakini alichukua tochi, akanipeleka kwenye kile kidirisha cha ubavuni, ambacho safari hii kilikuwa wazi. Ukiinama na kumulika, vile vivimbe vya kahawia kwenye safu ya chini vinaonekana bila shida. Tochi na gaskiti moja. Mwezi wa sita ndicho tulichokosa.

Maji

Nani aliyechimba mashimo yale? Oksijeni. Maji ya nyuzi 30 hubeba karibu miligramu 7.5 za oksijeni kwa lita. Ukiyapasha hadi nyuzi 90 hivi, nyingi yake hutoka, hubaki chini ya miligramu 2. Kwa hiyo tangi la maji ya boila linatakiwa liwe la moto, na njia rahisi ni kurudisha ndani yake maji ya mvuke uliokwisha kufanya kazi ukapoa. Kisha kiasi kidogo cha oksijeni kinachobaki unakimaliza kwa dawa ya salfaiti, miligramu 8 hivi kwa kila miligramu moja.

Bomba la kurudisha maji hayo lilikuwa limetoboka mapema mwaka ule, likafungwa kwa muda. "Kwa muda" hapa kwetu ni kipimo ambacho hakuna chombo kinachoweza kukisoma. Tangu hapo boila ilikuwa inakunywa maji ya kisima, baridi, moja kwa moja. Niliweka kiganja kwenye ubavu wa tangi siku ile: lilikuwa na ubaridi wa mtungi uliokaa kivulini. Na dawa iliyokuwa ikitiwa ilikuwa ya kiwango kile kile cha wakati tangi lilipokuwa la moto. Kila pampu ilipowaka, maji yenye oksijeni tele yaliingilia pale pale, yakakutana na tyubu za chini za moto, oksijeni ikajitenga ikaanza kutafuna.

Magamba ya chokaa nayo yana habari yake. Tanga imekaa juu ya mwamba wa chokaa. Ndio unaotupa viwanda vya saruji, na ndio maji yaliouchonga hadi tukapata Mapango ya Amboni. Maji ya kisima cha kiwanda yana chokaa ya kutosha kulifanya birika la nyumbani lako lipige ukoko ndani ya mwezi. Mtambo wa kulainisha maji, yaani kuyaondolea chokaa, wanao, ila unahitaji chumvi ya kujisafishia, na chumvi ilikuwa imekwisha kwa wiki kadhaa. Katika mkoa wenye mashamba ya chumvi ufukweni! Mzee alikuwa ameandika kwenye daftari la zamu, mara tatu, kwa kalamu nyekundu: *chumvi hakuna*. Daftari lile hakuna aliyenionyesha mwezi wa sita. Wala mimi sikuuliza.

Tyubu tisa zilibadilishwa: saba zile, ya 71, na moja nyingine ambayo injinia hakuipenda sura. Gharama yake na siku kumi na moja za kusimama sitazitaja, ila zilikuwa mara nyingi zaidi ya ile bei ya kwanza waliyoikataa. Sehemu ya kazi ya pili niliifanya bila malipo, na sikuombwa.

Fomu yetu ya ripoti nimeibadilisha. Ukurasa wa kwanza una mchoro wa tyubu iliyokatwa, na mkaguzi anatia rangi kwa mkono upande aliopima. Asichotia rangi hakupima. Mlio wa hewani bado tunautumia. Kwa masizi, vizibo na ulaji wa ndani sijaona wa kushindana nao kwa haraka. Ila sasa mteja wa boila kama hii anapouomba peke yake, anasaini chini ya mchoro wenye upande mmoja mweupe, na wengine wakishauona weupe ule hubadilisha mawazo wenyewe.

Nilirudi mwezi wa tatu kupima tena tyubu kumi za safu ya chini. Zile tatu za zamani tulizoziacha zikiwa na milimita 2.3, 2.6 na 2.6 zilisoma vile vile, kasoro ile ndogo ya kipimo chenyewe. Nikiwa natoka nilipita kando ya tangi la maji, na kwa mazoea nikanyoosha kiganja kulishika. Mzee alinidaka mkono kabla haujafika.

"Utaungua, mwanangu."